Jasho la Baridi

Mume aliushika mkono wa Mwasiti, akamwita kwa jina la mke mdogo.

Ilikuwa siku ya tatu wodini. Kidonda cha jembe kilikuwa kimeoza mguuni, uambukizo ukaingia kwenye damu, na sasa alikuwa akiweweseka tu. Mwasiti alijua ni homa. Lakini miaka ishirini na miwili amelima naye kijijini Zombo, na hata katika kuweweseka moyo wa mume ulikimbilia Mikumi, kwa yule wa juzijuzi! Alichomoa mkono wake kwa hasira.

Ndipo alipohisi kiganja chake kimelowa. Jasho la mume lilikuwa jingi, tena la baridi kama maji ya mtungi.

Muuguzi alikuwa amewaonya wake wote wawili kwamba sukari ya mgonjwa wa namna hii inaweza kushuka ghafla, ikamuua kabla ya homa, na dalili yake ni jasho la baridi.

"Nesi!" Mwasiti alipiga kelele. "Nesi, njoo! Anatoka jasho!"

Muuguzi alimtoboa mume kidole, akasoma kipimo, akakimbilia sindano ya glukosi. Baada ya dakika chache mgonjwa akafumbua macho, akanong'ona jina lilelile.

"Umemwokoa, mama," alisema muuguzi. "Mwenzako yuko wapi? Anamuulizia."

Nje ya dirisha, mke mdogo alikuwa akianika shuka za mgonjwa kwenye kamba.

"Ameshapanda basi, karudi Mikumi," alisema Mwasiti, akasogeza kiti mpaka mgongo wake ukaziba dirisha.