Dole Gumba la Haruna

Kila mwaka Bi Salha aliwapokea wanafunzi wapya wa maabara kwa kisahani kile kile cha silikoni, cha kutengenezea chipu za kompyuta, chembamba, kinachong'aa kama kioo. Mwaka huu pia alikipumulia, na ndani ya ukungu wa pumzi ikachomoza alama ya dole gumba la mtu, mistari yote ikionekana.

"Chumvi ya jasho," alisema. "Ikipenya humu, umeme unapotea njia. Kisahani hiki kiliharibika miaka kumi na tisa iliyopita."

"Mjinga gani alikishika bila glavu, Mwalimu?" aliuliza msichana mmoja. Wenzake wakacheka.

Jibu lake alikuwa nalo miaka yote: "Nilimgombeza mchana kutwa, jioni akaja kuniomba radhi, na mpaka leo nampikia." Hapo Haruna, mumewe, kwenye meza ya pili, alikuwa akiinua dole gumba lake juu, na darasa zima likivunjika mbavu.

Leo alifungua kinywa, macho yakaenda kwenye meza ya pili. Ilikuwa tupu. Arobaini ya Haruna ilisomwa juzi.

Msichana, akidhani amemuudhi, akachukua kitambaa. "Basi nikusafishie, Mwalimu."

"Usiguse!"

Sauti ile ilimshtua hata mwenyewe. Ukungu ulikuwa umekauka, na kisahani kikabaki kitupu, kikimwonyesha uso wake. Bi Salha akakiinamia, akapumua taratibu. Dole gumba likarudi. Likaanza kufifia.

Akapumua tena.