Gia ya Tatu

Kwa mara ya nne lori lilizimika katikati ya mwinuko, barabara ya Kipushi, na kwa mara ya nne mume wa Régine akapiga dashibodi kwa mkono wake mzima. Ule mwingine ulikuwa umevunjika, umefungwa plasta, ndiyo maana mke ndiye aliyeshika usukani.

“Embrayage mara mbili! Nakuambiaka kila siku! Unaua boîte ya vitesse!”

Giaboksi ilikuwa ngumu; kiganja cha Régine kilikuwa kimechubuka kwa kung'ang'ana na fimbo ya gia. Nyuma yao magari yalipiga honi.

“Papa, shuka,” akamwambia mumewe.

“Eti nini?”

“Shuka. Makelele yako inanikataza kusikia motere.”

Akashuka, akaubamiza mlango.

Régine akawasha, akaondoka na gia ya kwanza, akasikiliza. Injini ilipoanza kulia akakanyaga klachi, akaachia, akakanyaga tena: ya pili. Ikalia tena, akarudia. Fimbo ikaingia ya tatu bila kukwaruza hata kidogo.

Kwenye kioo cha pembeni alimwona mumewe akikimbia kando ya barabara, mkono wa plasta kifuani. “Simama! Nipandishe!”

Asimame? Hapa mlimani?

Akaongeza mafuta.