Wimbo wa Kuinulia Mtambo

Siku ya sita ya mgomo, askari walimburuta Mwinchande hadi gatini, mdomo ukivuja damu. Yeye ndiye aliyewaimbisha makuli. Bila wimbo, watu kumi na wawili hawakuweza kuinua mtambo kwa pamoja.

"Imba," msimamizi alisema, akampiga rungu la mbavu.

"Sauti nayo imegoma, bwana."

Msimamizi akawaamuru vibarua wageni kumi na wawili, walioletwa kuchukua kazi za wagomaji, wainue hivyo hivyo. Kila mmoja alivuta kwa wakati wake. Mtambo ukainama, ukamlalia mmoja wao mapajani.

"Kaka, nitoe," alimlilia Mwinchande.

Mwinchande alijua kwamba akiimba, kazi itakwenda na mgomo utavunjika. Alitema jino, akaanza. Wale kumi na mmoja wakaitikia, chuma kikanyanyuka, majeruhi akavutwa akiwa hai.

Nje ya lango la bandari, wagomaji wenzake Mwinchande waliusikia wimbo. Kelele zao zikakatika.

"Haya, moja kwa moja hadi ghalani," msimamizi alisema, akitabasamu.

Mtambo ulikuwa bado hewani, mikononi mwa watu kumi na mmoja waliokuwa wakimtazama Mwinchande mdomoni.