Sindano Haifunguzi

Mume wangu Mbaruku alilowa jasho ghafla, ingawa jua lilikuwa limeshapoa. Mikono ilimtetemeka hata tasbihi ikamponyoka.

Nikakimbilia jikoni, nikakoroga sukari katika kikombe cha maji.

"Wameadhini?" akauliza.

"Bado kidogo. Kunywa, bwana wee! Mgonjwa ana ruhusa."

"Nitafungua na wenzangu."

Alfajiri alijidunga ile dawa itokanayo na tezi ya ng'ombe, inayoshusha sukari mwilini, ninayomhifadhia ndani ya mtungi ipate ubaridi. Kabla ya Ramadhani alikwenda kumwuliza mwalimu wa madrasa kama sindano inafunguza saumu. Akaambiwa haifunguzi, akarudi anacheka. Kumwuliza daktari kama dawa hiyo inapatana na njaa, hakwenda. Nami nikanyamaza, kwa kuwa nilipenda kumwona anacheka.

Nikamsogezea kikombe. Akakaza meno. Nilimbembeleza, nikamtukana, nikambana taya kwa vidole; meno hayakuachana.

Ndipo mwadhini akaanza.

"Haya, umemsikia!" nikamwambia.

Meno yakaachana yenyewe. Nikamimina. Maji ya sukari yakajaa kinywani, yakatulia hapo, kisha yakaanza kutiririka pembeni, yakizilowesha ndevu zake.