Mzee wa Kompaila

Kompaila, ile programu ya kugeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, ilikuwa imegoma: programu zilizoundwa kwenye kompyuta kubwa zilikufa zikifika kwenye mashine ndogo za chipu ya zamani. Kutoka jikoni, mke aliwasikia watu wa kikao cha mtandaoni wakimgeukia mumewe.

"Mzee wa kompaila, hebu tutoe tongotongo."

"Dakika moja, ndugu zangu." Mume aliziba maikrofoni kwa kidole gumba. "Mama watoto! Ile mipangilio ya chipu ya zamani uliiwekaje?"

Mke alikuja na povu la vyombo likimtiririkia kiwikoni. Miaka yote kompaila kaiandika yeye, sifa anachukua bwana. Na jana tu kamsikia akijitapa: "Kwangu hakuna wa kunisaidia."

Akakishika kile kidole, akakibandua taratibu kwenye maikrofoni.

"Waambie hujui."