Vitaa vya Manjano

Siku hizi kifusi kimebaki hadithi. Kila tofali lina kitaa kinachowaka kijani likiwa bado na mwenyewe, na kugeuka manjano mtandao wa vifaa vya ujenzi ukishalipangia nyumba nyingine.

Jumanne asubuhi, Tusajigwe alikuta kuta za chumba anachoshonea mumewe, Ambokile, zimekuwa manjano tupu. Moyo ukamlipuka paa. Ambokile mwenyewe alikuwa mle ndani, buheri wa afya, akikanyaga cherehani huku akipiga mluzi. Tusajigwe akaipigia simu ofisi ya vifaa.

"Si makosa, mama," dada wa ofisini akamjibu kwa upole. "Mtandao hugawa matofali ya chumba ambacho mtumiaji wake hatakihitaji tena. Tutakuja kuyabomoa Alhamisi."

Tusajigwe akamrudia mumewe mbio. "Baba Gwamaka, hamishia cherehani chumbani kwetu. Usiniulize kitu."

"Mama Gwamaka na mambo yako!" Ambokile alicheka, akaibeba, akaitua kando ya kitanda. "Haya, roho yako imetulia?"

Ukutani, upande ule anaolala mumewe, vitaa vilikuwa vikigeuka manjano, kimoja baada ya kingine.