Wa Kwanza Kushuka

Mvua ilikatika alfajiri. Kwenye duara lile, shimo la kuchimbia dhahabu, baada ya mvua msimamizi ndiye hushuka wa kwanza kukagua magogo yanayozuia kuta zisiporomoke.

Makoye, msimamizi wa wachimbaji, alijifunga kamba kiunoni, akainama juu ya shimo. Huko chini gogo lilitoa mlio, kisha mchanga ukaanza kumwagika taratibu, kama mchele unaotoka kwenye gunia lililotoboka.

Wenzake walikuwa wakicheka na vikombe vya uji mkononi. Hawakusikia kitu.

Akafungua kamba.

“Vipi, bosi, panafaa?” aliuliza Baba Nelly, mmoja wao.

“Panafaa. Ila kiuno kinaniuma. Tangulia wewe.”

Baba Nelly alijifunga ile kamba, bado ina joto la mwili wa Makoye.

“Ukishasema wewe, bosi, mimi sina wasiwasi.”